Msokoto Uliorudi Nyuma

Wenzangu mlioko melini mmeniomba mara tatu niandike habari za kazi yangu. Mara mbili nilikataa. Hii ya tatu nimekubali kwa sababu mvua za Mkata zimechelewa, shamba la mihogo halinihitaji, na mke wangu amechoka kunisikiliza. Amesema bora niandike, karatasi haipigi miayo.

Vyeo sitavisema. Nilipanda meli nikiitwa Rajabu wa kamba, nikashuka nikiitwa hivyo hivyo. Anayetaka kujua mshahara amuulize huyo mke wangu, maana yeye ndiye aliyekuwa akiujua vizuri.

Nimezaliwa hapa Mkata, Handeni, mahali ambapo maji ni habari. Utotoni mwangu mtu ukikutana naye asubuhi, ukimaliza kumwamkia unamuuliza kisima kimeamkaje. Mama yangu alipanga ndoo foleni kabla ya jogoo. Sasa mtoto wa mama huyo ndiye aliyekuja kuishi miaka zaidi ya ishirini juu ya maji yasiyonyweka. Kuogelea sikujua siku ile nilipoanza na sijui hadi leo. Nilivaa boya kila siku ya Mungu, hata siku za kufua nguo, na vijana walinicheka, nami ndiye niliyefika pensheni nikiwa mkavu.

Kabla ya bahari nilifanya kazi katika kiwanda kidogo cha kamba huko Korogwe, kando ya mashamba ya mkonge. Singa, nyuzi za mkonge, zilikuja kwetu zimekwisha kukauka, nyeupe kama mvi, na vumbi lake lilikaa kooni hadi Ijumaa. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mama Nasoro, Msambaa wa Bungu, mwanamke mfupi mwenye viganja vigumu kuliko vya mpasua kuni. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuniangalia, akanirushia kamba iliyokatika vipande viwili.

"Unga."

Nikafunga fundo, tena kwa nguvu zangu zote, nikamrudishia. Akaligeuza, akacheka peke yake.

"Hili la kufungia mbuzi. Kamba haifungwi, mwanangu, inaungwa. Fundo linakata kamba yenyewe."

Kamba nzuri ina misokoto mitatu. Ukitaka kuunga, unaifumua pande zote mbili, unazikutanisha kama vidole vya mikono miwili, kisha kila msokoto unaupitisha juu ya mmoja na chini ya mwingine, mpaka usiweze kuona kamba moja iliishia wapi na nyingine ilianzia wapi. Kitanzi cha mwishoni mwa kamba nacho hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Kazi hiyo inataka kijiti chenye ncha cha kufungulia njia katikati ya misokoto, na cha Mama Nasoro kilikuwa cha mpingo, kimelainika kwa miaka ya jasho. Nilichukua wiki tatu kuunga kamba moja asiyoifumua mbele ya macho yangu.

Alipoacha kuzifumua, akanifundisha jambo ambalo halikuwa katika taratibu za kiwanda. Mwishoni mwa kila kiungo chake aliacha alama. Msokoto mmoja aliurudisha nyuma mara mbili kabla ya kuumaliza. Ungepita bila kuugundua.

"Za nini hizi, mama?"

"Kamba hii inakwenda kufungia mzigo juu ya lori. Siku ikikatika ikaumiza mtu, waje wanitafute mimi. Wasimtafute jirani yangu."

"Na wasipokuja?"

"Mimi nitakuwa najua. Haya, chagua yako."

Nikachagua kurudisha msokoto mmoja nyuma mara moja, upite chini ya mwenzake pale ulipotakiwa kupita juu, halafu niendelee. Mtu asiyejua angedhani nimekosea. Kwa miaka yote niliyokaa Korogwe hakuna aliyewahi kuja na kamba mkononi kunitafuta, na nilianza kuona alama ile kama urembo tu.

Kiwanda kilipopunguza watu, Mama Nasoro alirudi Bungu kulima, na siku ya kuagana akanipa kile kijiti cha mpingo. Alisema mlimani hakuna cha kuunga ila ndoa za watu, na hizo hazitaki kijiti. Mimi nilisikia kwamba bandarini Tanga kuna meli ya wageni inatafuta mtu wa kamba. Nikaenda na suruali mbili. Sikuuliza meli inavua nini.

Kumbe haikuvua kitu. Ilikuwa inawafukuza wanaovua. Nyinyi mmezaliwa mmekuta watu wa namna yetu wanahojiwa redioni, lakini wakati ule wengine walituita wahuni wa baharini, na sitasema walitusingizia kwa yote. Palipokuwa na meli inayochoma nyangumi mikuki, sisi tuliingiza boti zetu za mpira katikati ya mkuki na nyangumi. Palipokuwa na meli inayokata mapezi ya papa na kuwatupa wangali hai, tuliandamana nayo siku kumi, tukiipigia kelele na kuipiga picha. Ikikataa kusimama, tulikatiza mbele yake tukiburuta kamba ndefu ili ziviringike kwenye rafadha, ile feni ya chini inayosukuma meli. Kwa ajili ya kamba hizo ndipo alipohitajika mtu kama mimi.

Nahodha wetu aliitwa Marta, mwanamke mrefu wa nchi za baridi, wa maneno machache. Siku ya kwanza aliniwekea kamba iliyokatika juu ya meza, kama alivyofanya Mama Nasoro, akakaa kunitazama. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini kamba ni kamba. Nilipomaliza aliivuta, akapitisha kidole gumba juu ya kiungo polepole, kikasimama kidogo pale kwenye alama yangu. Akanionyesha kitanda.

Jikoni nilimkuta mtu wa kwetu, Yohana, kutoka Vugiri. Alinitazama nilivyoshikilia ukuta.

"Unatoka wapi, ndugu?"

"Mkata."

"Handeni! Basi tumepona. Meli sasa ina mganga."

"Na wewe?"

"Vugiri, juu kabisa."

"Ndiyo maana meli inayumba. Wasambaa mmezoea kuishi mteremkoni."

Tangu siku hiyo, Mzigua na Msambaa, tulitaniana bila kupumzika. Nilitapika siku nne, naye ndiye aliyenilisha uji wa tangawizi kijiko kwa kijiko, akinikumbusha kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mkristo huyu ndiye pia aliyekuwa akikimbia chumba cha usukani kuulizia Kibla kiko upande gani, maana meli ikigeuka nami sijui, nitajikuta nimeswali nikielekea ncha ya dunia. Sijawahi kumshukuru vya kutosha. Namshukuru hapa.

Jambo moja msilolijua, kwa kuwa siku hizi mnapika mnachotaka: wale wenzetu wa mwanzo hawakula nyama wala samaki. Maharage Jumatatu, maharage Jumanne, dengu siku ya sikukuu. Nikirudi likizo Mkata majirani walikuja kunipokea wakitazama begi langu, wakidhani mtu wa baharini ameleta nguru wa kukaanga. Nilikuwa naleta picha za nyangumi. Mama yangu alizitazama zote kwa heshima, akauliza, "Sasa huyu mnamla lini?"

Pumzi ya nyangumi, kwa asiyejua, inanuka kama dagaa waliosahauliwa stoo. Wa kwanza alitoa pumzi hatua chache kutoka kwenye boti yangu, huko kusini kwenye baridi, meli ya mikuki ikiwa nyuma yetu na mimi nikisoma kila aya niliyoijua. Alikuwa na mtoto ubavuni. Meli ile ilisimama kwa sababu sisi tulikuwa katikati, mama na mtoto wakazama, wakatokea mbali, wakaenda zao. Nililia mbele za watu na sikuona haya. Kama kazi yote ingekwisha siku hiyo, ningerudi Handeni nimeridhika.

Haikwisha, na sasa nifike kwenye lile mlilosikia nusu nusu.

Kamba tulizotumia kukatizia meli zilikuwa za nailoni. Mimi ndiye niliyeziandaa zote. Nailoni haiozi, haikatiki kirahisi, na kwa rafadha ni balaa, ndiyo sababu tuliipenda. Mwaka mmoja, katika maji yetu haya ya nyumbani, tuliikimbiza meli moja na kukatiza mbele yake. Kamba ikaikosa. Ilibaki nyuma ikielea, nasi tulikuwa na haraka. Marta akasema tutaifuata tukirudi. Tulirudi kwa njia nyingine. Hakuna aliyeikumbuka, hata mimi niliyeiunga.

Ilipita kama miezi minne. Safari hiyo tulikuwa na afisa uvuvi wa serikali, kijana makini, ambaye peke yake alikuwa na haki ya kukagua na kukamata. Tukaisimamisha meli nyingine, ya mishipi mirefu, iliyokuwa na sifa mbaya ya kukata mapezi. Kila mtu baharini aliijua sifa hiyo, na hakuna aliyekuwa ameshika ushahidi. Afisa akapanda, akapekua, akakuta kila kitu safi. Nahodha wao, mzee mnene, alimfuata nyuma akitabasamu. Ndipo walinzi wetu wakaona kitu kinaelea nyuma ya meli ile, kama kopo kubwa linalopiga maji kwa upande mmoja.

Alikuwa kasa. Jike, mkubwa kama meza ya watu wanne, amenaswa kwenye kamba ya buluu iliyomzunguka shingo na kuingia ndani ya nyama ya kikono cha kushoto. Kwenye redio nikamsikia afisa akisema kwamba hiyo inatosha: zana zimetupwa baharini, zimenasa mnyama anayelindwa, meli itakwenda bandarini na leseni yake itasimama. Kwenye sitaha yetu watu walikumbatiana. Miaka mingi walikuwa wakimngoja mzee yule ateleze.

Nilitumwa mimi kumfungua, kwa kuwa visu na kamba ni vyangu, na Yohana akaendesha boti. Melini kwetu mpishi alikuwa pia dereva wa boti. Nikainama, nikakata kipande cha kwanza, nikakata cha pili. Kasa alikuwa anahema kwa mkoromo. Kitanzi cha mwisho kilikuwa kimezama karibu na bega, nikakivuta taratibu kwa kijiti cha mpingo, kikatoka na damu. Nikakisuuza ili nione pa kukata.

Msokoto mmoja ulikuwa umerudi nyuma mara moja, umepita chini ya mwenzake pale ulipotakiwa kupita juu.

Nikakitazama kitanzi kile kama mtu anayesoma jina lake kwenye kaburi. Yohana akaniuliza kama nimejikata. Nikamwonyesha. Alikuwa ameniona nikiunga kamba miaka mingi, hakuhitaji maelezo.

Akazima injini.

"Rajabu, sikiliza. Yule mzee ni mwizi. Kama si kwa kamba hii, ni kwa wale papa ambao hatukuwaona."

"Hii si yake."

"Najua si yake. Ninachokuambia ni kwamba ukiiachia mkono hapo, inazama, na hakuna aliyeona. Vipande vingine havina alama."

"Mimi nimeona."

"Na sisi je? Watu wameacha makwao kwa kazi hii. Kesho magazeti yataandika sisi ndio tunaoua kasa. Umefikiria?"

Nilikuwa nimefikiria. Msidhani nilikuwa shujaa. Nilikaa na kitanzi kile mkononi, na mkono ukaning'inia nje ya boti, karibu sana na maji. Nilijiambia kwamba mzee yule anastahili, kwamba Mungu ana njia zake za kumkamata mwizi. Kilichonizuia ni sauti ya Mama Nasoro: wasimtafute jirani yangu. Jirani yangu hapa alikuwa mtu mbaya. Mama Nasoro hakuwa amesema jirani mwema.

"Washa injini," nikamwambia Yohana.

Akaniangalia, akatikisa kichwa, akawasha. "Mzigua akiamua, hata mvua inasubiri," akasema, na hakunitania tena siku hiyo.

Tulimpandisha kasa sitahani kwa winchi. Nikamwendea Marta, aliyekuwa amesimama na afisa, ambaye alikuwa amerudi melini kwetu, nikakiweka kitanzi kwenye kiganja chake mbele ya wote. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kilinikimbia, "Nahodha, hii kamba ni yetu. Kiungo ni changu. Hii hapa alama yangu." Kisha nikamweleza afisa habari ya kamba tuliyoiacha.

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Ile meli ya mishipi iliachiwa saa ile ile. Yule mzee mnene alipiga honi mara tatu akipita ubavuni mwetu, na mabaharia wake, kama thelathini hivi, walikuwa wamejipanga kutucheka. Sisi tuliandikiwa onyo. Melini, wiki mbili nzima, watu waliokuwa wakinipigia kelele za furaha walikula wakinigeuzia mgongo. Yohana peke yake ndiye aliyeniwekea sahani, tena maharage mengi kuliko ya wengine, na sijui kama ilikuwa huruma au adhabu.

Kasa tulikaa naye siku sita, tukimmwagia maji na kumsafisha kidonda. Kikono hakikukatwa ila kilibaki kigumu. Siku ya saba tulimshusha. Alizunguka upande mmoja, akajaribu tena, akazama. Sijui kama aliishi. Hilo nimekubali kutolijua.

Nikaenda kwa Marta kumwambia nashuka bandari inayofuata. Alikuwa na ramani mbele yake na hakuinua kichwa.

"Kabla hujaja hapa ulikuwa unatengeneza kamba ya kitu gani?"

"Mkonge."

"Inaoza?"

"Baharini? Inaoza, nahodha. Nayo haiwezi kuishikilia rafadha kama nailoni. Watatutoroka wengine."

"Basi watatutoroka wengine," akasema. "Nenda kwenu, ulete."

Hivyo ndivyo mkonge wa Korogwe ulivyoingia melini, na ndiyo sababu mnaambiwa hadi leo kila kamba ihesabiwe kurudi. Si kanuni iliyotoka ofisini. Imetoka kwenye bega la kasa.

Safari hiyo ya kufuata kamba nilipanda Bungu kumwona Mama Nasoro. Njia ilikuwa na utelezi, nami miguu yangu ya baharini ilinifanya nitembee kama mlevi, watoto wakinifuata nyuma. Nilimkuta anachambua maharage, macho yamepungua nguvu. Nikamsalimia, nikakaa, nikamweleza yote, pamoja na ule mkono ulioning'inia karibu na maji. Hakuacha kuchambua.

"Alama ulikuwa umeiweka?"

"Niliiweka, mama."

"Basi imekuleta ulipotakiwa." Akapuliza makapi. "Na kijiti changu hujakipoteza?"

Nikampa. Akakipapasa, akasema kimekuwa chembamba, nipunguze nguvu. Nilishuka mlima nikiwa mwepesi kuliko nilivyopanda. Mama Nasoro amekwisha kutangulia mbele ya haki. Yote niliyofanya yaliyokuwa na maana, nilifundishwa na mwanamke ambaye hakuwahi kuiona bahari.

Siku yangu ya mwisho melini mnaikumbuka, mliimba vibaya na keki ilikuwa ya Yohana. Mlipokwisha kutawanyika Marta aliniita chumba cha usukani. Amezeeka naye, Kiswahili chake kimenyooka. Akafungua droo, akatoa kile kitanzi cha buluu.

"Nilipiga darubini mlipokuwa kwenye boti," akasema. "Nilikuona ulivyokishika kitanzi, nikajua ni chako. Alama yako naijua tangu siku ile ya meza."

"Ulijua kabla sijapanda?"

"Nilijua. Na nilikuwa nimeamua nitanyamaza. Nilisimama pale na afisa nikiomba ukitupe." "Halafu ukakiweka mkononi mwangu. Rajabu, nimekuwa nahodha wa meli safi miaka yote hii kwa sababu yako. Asante."

Nilimwambia tu ashukuriwe Mama Nasoro wa Bungu, akalirudia jina mara mbili ili alitamke sawasawa.

Kitanzi nimekitundika ukutani hapa Mkata, na wageni wakiuliza mke wangu huwaambia ni kamba ya kufungia mbuzi. Kijiti cha mpingo nimekifunga pamoja na barua hii. Apewe yule binti anayeshika kamba sasa. Mwambieni achague alama yake mwenyewe, asiige yangu.